Matanga ya Ervalin

Mimi sili makayabo. Mume wangu akinunua wale samaki wa chumvi wanaotoka Kasenyi, huwapika mwenyewe nje, nami huenda kukaa upande unakotoka upepo. Jirani zangu wanasema nina tumbo la kizungu, na mimi nawaacha waseme. Tumbo langu halina shida yoyote. Ni ile harufu. Harufu ile ndiyo ya kitabu cha kwanza nilichokipenda maishani, na nikiinusa tu narudi Saio, mtaa wetu wa Bunia, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, namwona Koko, bibi yangu, ameweka ungo wa maharagwe mapajani na Mama amefungua kitabu karibu na dirisha.

Mama alikipata kitabu hicho sokoni. Mwanamke mmoja muuza samaki alikuwa anachana kurasa zake, moja moja, kufungia wateja makayabo. Mama alikuwa mwalimu kule Djugu kabla hatujakimbia vita, na kuchana kitabu mbele ya mwalimu ni sawa na kumchania nguo mwilini. Akaanza kugombana. Muuza samaki naye hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Wakapayukiana mpaka watu wakajaa, na mwishowe Mama akarudi nyumbani na kitabu, bila samaki aliowafuata. Usiku huo tulikula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, na Koko hakuacha kutukumbusha.

Kilikuwa kitabu kinene cha Kifaransa. Juu ya jalada kulikuwa na wapanda farasi na mlima mweupe, na chini yake kumeandikwa kwamba hii ni tome ya pili, yaani juzuu ya pili. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda na samaki wa watu. Tome ya kwanza hatukuwa nayo, na ya tatu sijawahi kuitia machoni hadi leo. Mama alipotueleza kwamba tunaingia katikati ya hadithi, akaona aibu kidogo, kama aliyealika watu kwenye chakula nusu. Koko hakujali.

"Si kitu," alisema. "Ukifika ku ndoa umechelewa, unaketi, unakula. Utajua bibi-arusi ni nani."

Koko alikuwa mama mzazi wa Papa. Tuliishi watatu: yeye, Mama na mimi. Papa alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Kilo, kwa sababu Bunia haikuwa na kazi kwa mkulima aliyeacha shamba lake nyuma. Aliniaga kwa kunivuta sikio, kama alivyozoea, akasema atarudi msimu wa mvua ukiisha. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Kila nilipouliza, Mama alinijibu jibu lilelile: "Papa iko ku kazi."

Nilichokuja kujua baadaye, Mama mwenyewe aliniambia nikiwa mtu mzima. Siku moja walikuja wanaume wawili waliochimba naye. Mimi nilikuwa nimetumwa maji. Walisimama mlangoni, wakakataa kuketi, wakasema shimo liliporomoka baada ya mvua kubwa, Papa akiwa chini pamoja na wenzake. Walichimba mpaka mikono ikachoka, hawakumfikia, na kilima kikaendelea kumeguka. Mama akawauliza, "Mulimuona?" Wakasema hapana. Akawauliza tena, kisha akawaambia: "Kama hamukumuona, musiniambie kitu." Akafunga mlango. Koko alikuwa ndani, alisikia yote.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na wanawake wawili wasiokubaliana juu ya jambo moja, na jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Kwetu, mtu akifa na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo yake, ukalazwa kaburini kama yeye. Watu hukaa matanga, hulia, kisha hunyoa nywele na maisha huendelea. Koko alitaka mwanawe afanyiwe hivyo. Alitaka ampe mahali pa kulala. Mama hakutaka hata kusikia neno matanga likitajwa chini ya paa lile. "Sitazika mugomba na bwana yangu iko muzima," alisema, na Koko akanyamaza, maana mwenye mume alikuwa Mama. Mimi nilijua tu kwamba hawasalimiani vizuri asubuhi. Nilidhani ni kwa sababu ya wale samaki.

Ndipo kitabu kikaingia kati yao. Nadhani bila kile kitabu wangeacha kabisa kuongea. Alasiri, mvua ikianza kupiga mabati, Mama alikuwa akifungua ukurasa, anasoma sentensi kimyakimya kwa Kifaransa, kisha anatupa kwa Kiswahili. Alikuwa hodari. Nilikuwa nasahau kwamba anatafsiri. Koko naye alikuwa akichagua maharagwe na kuuliza maswali.

"Farasi ni nini?"

"Ni kama punda, lakini mukubwa, na iko na kiburi."

"Anakamuliwa?"

"Hapana, mama. Batu wanapanda tu juu yake."

"Basi kazi bure," alisema Koko, ambaye babu zake walifuga ng'ombe, na kuanzia hapo wapanda farasi wote wa kitabu kile hawakupata heshima kwake. Theluji aliielewa kwa haraka. Alisema ni mvua ya mawe iliyokosa nguvu. Wafalme aliwacheka. Walikuwa wawili, wanagombania bonde moja, na Koko alitaka kujua kama kati yao kuna hata mmoja aliyewahi kushika jembe.

Aliyempenda ni Ervalin. Ervalin hakuwa mfalme wala mpanda farasi. Alikuwa mlinzi wa lango katika mji uliochomwa, na baada ya mji kuungua akawa anatembea nyuma kabisa ya watu waliokimbia, akiokota waliochoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika kitabu kizima. Wengine walipigana na kufanya uchawi, yeye alirudi nyuma kumchukua kikongwe aliyekaa chini akakataa kuendelea. Kila Mama alipofika kwake, mikono ya Koko ilisimama juu ya ungo. Leo najua alikuwa anamwona nani. Tulipotoka Djugu, Papa ndiye aliyetembea nyuma ya wote, na Koko alikuwa mgongoni mwake. Mimi wakati ule sikuona mfanano wowote. Papa wangu hakuwa na upanga, alikuwa na kofia ya plastiki na vicheko vingi. Nilimpenda Ervalin kwa ajili yake mwenyewe, kama mtoto anavyompenda mtu, na nilipokwenda kuteka maji nilikuwa natembea nyuma ya wenzangu wote makusudi, niwaokote wakianguka. Hakuna aliyeanguka.

Karibu na mwisho, watu wale wakafika kwenye mto mkavu wenye kingo za mawe. Juu ya mto kulikuwa na lango kubwa la zamani lililozuia maji, na adui walikuwa wanakuja nyuma. Ervalin akawaambia wenzake wavuke. Yeye akashuka chini ya lango, ndani ya giza la mawe, akalifungue ili maji yawakate adui. Alijifunga kamba kiunoni ili wamvute atakapomaliza. Maji yakaja na kishindo. Adui wakazuiwa. Waliokuwa juu wakavuta kamba, ikaja nyepesi.

Mama aliposoma hapo, aligeuza karatasi. Kisha akaendelea. Akasema kwamba chini kule, nyuma ya mawe, kulikuwa na chumba kikavu, na Ervalin alikuwa ameketi humo, ameumia mguu lakini mzima. Nikapiga makofi. Kesho yake akasoma jinsi Ervalin alivyopata tone la maji likidondoka ukutani, akawa anakinga kwa kiganja. Kesho kutwa yake akasoma alivyosikia sauti za watu juu, mbali, na akaanza kugonga jiwe kwa jiwe ili wamsikie. Sauti ya Mama ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Alikuwa anatazama kitabu bila kupepesa, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na miguu yake, sitaki hata kwenda chooni.

Koko hakujua Kifaransa. Lakini alikuwa ametumia maisha yake yote kutazama mikono ya watu, sokoni, shambani, zizini. Siku hiyo ya kugonga mawe, aliweka ungo chini.

"Mama Dorika," alimwita Mama kwa jina langu, kama ilivyokuwa desturi. "Tangu juzi haugeuze karatasi."

Mama akazidi kuinamia kitabu.

"Nilikuangalia. Karatasi zilisha kuisha. Weye unasoma ku karito tupu."

Nikainuka nikatazama. Ilikuwa kweli. Kitabu kilikuwa wazi kwenye jalada la nyuma, upande wa ndani, na hapo hapakuwa na kitu isipokuwa doa la mafuta ya samaki.

"Kitabu kinasema nini?" Koko akauliza. "Si weye. Kitabu."

"Kinaishia ku kamba," Mama alisema. "Kamba inakuja bila mutu. Basi. Ingine iko mu tome ya tatu."

"Basi alikufa."

"Haiandikwe kama alikufa!" Mama alisimama, kitabu kikaanguka. "Nani alimuona? Nani alimuona, mama? Chini kunaweza kuwa na nafasi. Batu wanatokaka. Nilisikia ya mutu mumoja alitoka kisha siku mingi!"

"Mwanangu," Koko alisema kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "mutu iko chini ya mawe bila chakula, bila jua, weye unamugongesha mawe kila siku. Unamuchosha. Mwache alale."

Mama akaingia chumbani. Tulimsikia akilia, na nilidhani analia kwa sababu amekamatwa akidanganya. Nilimhurumia. Mwalimu kukamatwa akidanganya ni aibu.

Koko alikaa pale muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya juu, ili ipite kwenye ukuta: "Ya bwana yako nilinyamaza, ni haki yako. Lakini huyu Ervalin si bwana ya mutu hapa. Hana mama wa kumulilia. Mimi nitamulilia. Hiyo pia umekataza?"

Asubuhi Koko aliniamsha, tukaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba michache ya kiwanja. Akachagua mmoja ulionyooka, akaukata kwa panga, mimi nikasaidia kuuvuta. Tukaulaza kwenye mkeka uani. Nilimuuliza ni wa nini, akaniambia: "Mutu wa kitabu hana mwili, Dorika. Siye tunamupa." Niliona ni jambo la akili sana. Akaingia ndani akatoka na koti la Papa, lile la rangi ya udongo alilovaa kanisani, akauvisha mgomba. Hapo ndipo nilipoona wasiwasi. Koti la Papa halikuwa la kuchezea, na nilijua akirudi atalitafuta. Lakini Ervalin alikuwa ametoka kwenye maji hana kitu, na Koko alikuwa na sura ambayo mtoto haulizi mara mbili.

Koko akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi kando ya mkeka, akaanza kulia kwa sauti. Hakuwa anaigiza. Ulikuwa ule wito mrefu wa wanawake wa kwetu, unaoanzia chini tumboni, na mtu yeyote wa Djugu akiusikia huacha chungu motoni. Majirani wengi walikuwa wakimbizi kama sisi. Wakaja mbio.

"Kufa ya nani?" wakauliza.

"Ya mutu yetu," alisema Koko.

"Ni Ervalin," nikawaambia mimi. "Alikufa mu maji, alikuwa anaokoa batu."

Walinitazama, wakatazama mgomba, wakatazama lile koti. Wote walikuwa wamemwona Papa akilivaa. Hakuna aliyecheka. Mama Jeanne wa jirani, mwanamke mnene aliyekuwa na neno la utani kwa kila mtu, alivua kandambili zake akaketi chini kimya. Wengine wakafuata. Wanaume wakaleta kuni, wakafunga turubai kati ya paa na mti, wakaanza kuchimba kaburi. Mwenye kiwanja alikuja na hasira kuuliza nani anachimba shimo kwake, akafika pale uani, akavua kofia, akaondoka bila kusema. Kila aliyekuja nilimweleza habari za Ervalin: lango, kikongwe aliyembeba, kamba. Walinisikiliza kwa heshima kubwa, na baadhi ya wanawake walinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nilijivuna. Niliona sasa mtu wetu anajulikana Saio nzima.

Na nililia. Nataka hili lieleweke, maana mengi yanatokana nalo. Sikulia kilio cha mtoto anayeiga wakubwa. Mgomba ukiwa umelala pale na mikono ya koti imewekwa kifuani, niliona kwamba Ervalin hatarudi tena nyuma kumchukua mtu yeyote, na sasa waliochoka wataachwa njiani. Hilo lilinichoma. Nililia mchana kutwa, nikalala nikilia, nikaamka macho yamevimba nikaendelea. Mama Jeanne alinifuta kamasi kwa kitenge chake akawa anasema, "Lia, mama, lia, ni vizuri." Kufikia wakati wa kuzika, kichwa kiliuma na machozi yalikuwa yameisha. Nilikuwa mwepesi, kama mtu aliyetapika homa.

Mama hakuwa ametoka chumbani muda huo wote. Chakula alichopelekewa kilirudi. Wanaume wawili walipoinama kuubeba mgomba, mlango ukafunguka. Alikuwa hana kitambaa kichwani. Watu wakampisha. Akaja mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti, akalitazama lile koti. Koko alikuwa amefunga vifungo vibaya. Kimoja kilikuwa kimeruka tundu lake, na kola ilikaa upande. Mama akavifungua vyote kuanzia juu. Akavifunga upya, taratibu, kila kimoja kwenye tundu lake. Akanyoosha kola kwa vidole viwili, kama alivyofanya kila Jumapili Papa akiwa amesimama mlangoni akilalamika kwamba tunachelewa.

Niliona machozi yake yakidondoka juu ya kola. Nikadhani amekasirika kwa ajili ya koti. Nikamsogelea, nikamwekea mkono begani.

"Mama, usilie," nikamwambia. "Papa akirudi, nitamwambia ni Koko njo alimupa Ervalin koti. Hatakukasirikia weye."

Koko akafunika uso wake. Mama akageuka akanishika mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, hauna mlango tena.

"Dorika," alisema. "Mutoto yangu. Papa harudi." Akaweka kiganja changu juu ya koti, kifuani, na chini ya kitambaa mgomba ulikuwa baridi na umelowa. "Huyu njo Papa."

Kisha akamwita kwa jina lake, jina ambalo alikuwa hajalitamka tangu wale wanaume waje, akalala juu ya mgomba ule akalia kama nisivyowahi kumsikia mtu akilia. Koko akatambaa juu ya mkeka mpaka alipo, akamkumbatia kwa nyuma, na wale wawili waliokuwa hawasalimiani wakalia kwa sauti moja. Wanawake wote wakainuka na kilio chao. Wanaume wakatazama pembeni.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilielewa alichosema, sikuwa mdogo kiasi hicho. Nilitafuta kilio ndani yangu kama mtu anavyotafuta kitu mfukoni anachojua alikuwa nacho asubuhi, sikukipata. Mgomba ukashushwa shimoni, udongo ukatupwa, nami nilitazama koti likipotea bila jicho langu kulowa. Watu walianza kunitazama. Mama Jeanne akainama, akaniweka mdomo sikioni.

"Lia, mama," alininong'oneza. "Ni baba yako."

"Nilisha lia," nikamwambia. "Lakini nililia mutu mwingine."